Aliyekusudia dhambi akakuta si dhambi, ana hatia?

Mleta mada: Wandugu, tulijadili hili bila jazba. Mwanamke wa Kiyahudi ameweka nadhiri kwamba hatagusa divai. Mumewe, kwa mamlaka anayopewa na Hesabu 30, anaitangua siku hiyohiyo aliyoisikia, ila hamwambii. Mama anainua kikombe na kunywa, akijua kabisa kwamba anavunja nadhiri. Kumbe nadhiri haipo tena!

Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo ya marabi (walimu wa Kiyahudi) uliokamilika mnamo mwaka 200 BK, inasema hapigwi viboko arobaini, ile adhabu ya Torati. Rabi Yehuda akasema kama si hivyo, basi apigwe vya adabu, vilivyowekwa na marabi wenyewe. Nayo Talmudi, mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasimulia kwamba Rabi Akiva kila alipofika kwenye aya inayosema Bwana atamsamehe mwanamke huyo, alilia, akiuliza: Kama aliyekusudia nyama ya nguruwe ikaja mkononi ya kondoo anahitaji msamaha, je, aliyekusudia nguruwe na akala nguruwe?

Mimi niko na Akiva. Asamehewe nini, kama hakukosa?

Mchangiaji: Mkuu, heshima yako, ila Talmudi hiyohiyo, katika sehemu yake iitwayo Kidushini, inasema wazo baya Mungu halihesabu kuwa tendo, isipokuwa la kuabudu sanamu. Tena mtu hakuhukumiwa kifo mpaka mashahidi wawili wathibitishe kwamba alionywa kabla, akajibu kwamba anajua na bado anafanya. Marabi hawakujifanya wanasoma mioyo. Tukianza kuhukumu nia, nani atapona?

Mleta mada: Kwa upande wa mahakama nakubaliana nawe, ndiyo maana viboko arobaini havikupigwa. Lakini wazo linalosemwa Kidushini ni lile lililoishia moyoni. Huyu alinyanyua kikombe akameza. Alilolipanga amelimaliza, kilichomnusuru ni neno la mumewe, ambalo hata hakulisikia. Hiyo si sifa yake.

Wala sisemi nia ndiyo kila kitu. Soma Walawi 4: mtu akila mafuta yaliyokatazwa akidhani ni ya halali, bado analeta mbuzi jike au kondoo jike wa sadaka. Hakukusudia, na bado anadaiwa, ingawa deni lake si sawa na la aliyefanya makusudi.

Sasa nijibu hili: kama nia haina uzito mbele za Mungu, mbona Resh Lakish, mmoja wa marabi wa Talmudi, alifundisha kwamba toba huyageuza makosa ya makusudi yakahesabiwa kama ya kutokujua?