Huduma ya hospitali za zamani: ilikuwepo kweli, au ni kumbukumbu zetu tu?

Mzee wa Walukuba (Jinja)

Ndugu zangu, habari zenu. Hivi karibuni nimemuuguza shemeji yangu katika hospitali moja ya serikali huku mashariki mwa Uganda, na yale niliyoyaona yamenifanya niulize swali hili. Dawa alizoandikiwa tulizinunua nje pamoja na glavu, pamba na mabomba ya sindano, na maelezo yote ya ugonjwa wake yaliandikwa katika daftari la shule tulilolinunua kwa mchuuzi wa langoni. Nilipokuwa kijana, miaka ya 60, mgonjwa aliyelazwa alipewa shuka, chakula na dawa, na karatasi yake ya homa ilining'inia miguuni pa kitanda, ikiwa na mstari wa joto la mwili uliochorwa asubuhi na jioni. Siwalaumu wauguzi wa leo, kwa maana binti aliyekuwa zamu usiku ule aliihudumia wodi nzima peke yake. Ninachotaka kujua ni kama huduma ile ilikuwa hivyo kweli, na kama ndivyo, ilitutoka lini na kwa njia gani?

Mkunga mstaafu (Tororo)

Mzee wangu, pole kwa kuuguza. Huduma ile ilikuwepo, nami niliingia kazini ilipokuwa bado inapumua. Sindano zilikuwa za kioo, tukizichemsha kila asubuhi kabla matroni hajapita, na yeye alikuwa akiinama kutazama hata chini ya kitanda. Wagonjwa wa nje walikuja na chupa zao kutoka nyumbani ili wapimiwe dawa ya maji ya kikohozi. Mulago mpya, hospitali kuu ya Kampala, ilifunguliwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa Uhuru, kisha serikali ya kwanza ya Obote ikajenga hospitali 22 mikoani, na mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani pale pale Mulago, mahali ambapo hapo nyuma daktari Denis Burkitt alikuwa ameeleza uvimbe wa taya za watoto ambao hadi leo dunia inauita kwa jina lake.

Umeuliza ilitutoka lini. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia, madaktari wengi waliondoka, na baada yao wakaondoka hata wenzetu waliosomea Makerere, wengine wakikimbia kuokoa roho zao. Lakini kilichotuumiza zaidi sisi tuliobaki ni mshahara kupoteza thamani katika miaka ya magendo, hadi muuguzi akawa hawezi kuwalisha watoto wake kwa kazi aliyosomea. Wapo waliokwenda kulima, wapo waliofungua kliniki vyumbani mwao, na wapo walioanza kupitisha dawa za hospitali mlango wa nyuma. Uaminifu wa wodini ulivunjika wakati ule, na kuurudisha kumekuwa kugumu kuliko kuyajenga upya majengo.

Afisa tabibu, kituo cha afya daraja la nne (Busoga)

Shikamoo, mama, na shikamoo, mzee. Ninawaheshimu, lakini naomba tuwakumbuke pia wale ambao hawakuifikia ile karatasi ya homa. Hospitali nzuri za wakati ule zilikuwa chache na mbali, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku kijijini alizalia nyumbani, akipona au asipone. Leo kuna vituo vya daraja la pili hadi la nne, na cha daraja la nne kinatakiwa kiwe na chumba cha upasuaji ili mama afanyiwe upasuaji wa uzazi karibu na kwao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha vifo 336 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 189. Hivyo ni vifo vingi mno, lakini upungufu huo ni maisha ya watu tunaowajua. Tangu mwaka 2004 dawa za virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Nina wagonjwa ambao mwaka 1990 wangekuwa wameshazikwa.

Ada katika vituo vya serikali zilifutwa Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, na watu wakamiminika. Uamuzi ulikuwa wa haki. Tatizo ni kwamba dawa na watumishi havikuongezeka kwa kasi ya foleni, na ndiyo maana mzee amenunua glavu mahali ambapo huduma inaitwa bure.

Mama Akello (Gulu)

Mimi naona mnazungumza kana kwamba utu wa wahudumu ulikuwa wa miaka ya 60 peke yake. Hospitali ya Lacor, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kukuzwa na madaktari Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale, ilibaki wazi vita vilipokuwa vimetuzunguka, na maelfu ya akina mama na watoto walilala uani mwake usiku kwa kuwaogopa waasi. Mwaka 2000 ilipokuja Ebola, Dkt. Matthew Lukwiya aliwahudumia wagonjwa bega kwa bega na wauguzi wake, hadi yeye mwenyewe akafariki tarehe 5 Desemba. Hakuna mshahara uliomlazimisha mtu kubaki katika wodi ile. Mzee, ulichokikosa kwa shemeji yako hakikufia zamani. Kipo kwa watu wengi, ila tunawaachia wodi nzima mtu mmoja mmoja.

Mzee wa Walukuba (Jinja)

Nawashukuru sana. Tabibu amenikumbusha kwamba dada yangu mkubwa alifariki akijifungua, na hospitali ilikuwa safari ya siku nzima. Basi niulize la mwisho: sisi wakazi wa kawaida tunaweza kufanya nini kuhusu hizo dawa?

Mkunga mstaafu (Tororo)

Mzee, kila kituo kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wakazi ndani yake. Shehena ya Bohari ya Taifa ya Dawa huletwa kila baada ya miezi miwili, na dawa za serikali hupigwa chapa kwamba haziuzwi. Mimi niko katika kamati ya kituo chetu, na tangu tulipoanza kusimama pale masanduku yanapofunguliwa, tukihesabu pamoja na msimamizi na kubandika orodha ukutani, ugomvi wa foleni umepungua, kwa sababu mgonjwa akiambiwa dawa imekwisha anaweza kujisomea ilivyoletwa. Waulize wa kwenu wanakamati ni akina nani na walikutana lini mara ya mwisho. Wakishindwa kukujibu, anzia kwa mwenyekiti wa kijiji, na usiende peke yako.