Benki imenikata faini ya ovadrafti wakati hela ilishatumwa, naomba ushauri

Wakuu, salaam kutoka Masasi. Nina duka la pembejeo, na akaunti yangu ya biashara ina ovadrafti, yaani naruhusiwa kutoa hela kupita salio langu, mwisho milioni 5. Wakulima wa korosho wanalipwa kwa mafungu kadiri minada inavyokwenda, kwa hiyo bila ovadrafti duka linalala.

Ijumaa mteja alinilipa milioni 3.2 kutoka benki nyingine kwa TISS, ule mfumo wa Benki Kuu wa kutumiana hela kati ya benki na benki. Karatasi yake inaonyesha saa 4:10 asubuhi. Jioni hundi niliyompa muuzaji wa jumla ikapita. Kumbe benki yangu hela ile imeiingiza Jumatatu, nikaonekana nimevuka kikomo. Faini 60,000, na riba juu, hadi ya wikiendi ambayo wao wenyewe hawafungui!

Meneja wa tawi anasema mfumo ndivyo ulivyo. Nimepeleka barua na nakala ya ile karatasi, wakagonga muhuri, kimya mpaka leo.

Naomba kujua: riba inahesabiwa tangu hela ilipofika benki au ilipoingizwa kwenye akaunti? Na mliowahi kulalamika Benki Kuu, tawi la Mtwara wanapokea, au mpaka benki inijibu kwanza kwa maandishi?