Friji halikati usiku na mchana, LUKU inaisha na chini halipoi: nianzie wapi?

Mama Nasri, Kigamboni

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kabla sijamwita fundi wa tatu.

Friji langu ni la milango miwili, friza juu, aina ya nofrosti, yaani linaloyeyusha barafu lenyewe. Nina nalo mwaka wa sita. Tangu mwezi wa pili halikati. Zamani usiku nilikuwa nasikia linanguruma, linatikisika kidogo, kisha kimya. Sasa ni mngurumo tu mpaka kunakucha.

LUKU ya elfu kumi, uniti 28, ilikuwa inanifikisha siku kumi. Sasa siku ya sita mita inaanza kulia. Taa ni zile zile, feni zile zile, sijaongeza kitu.

Friza inagandisha kwa kusuasua. Chini ndiyo shida: maziwa yanachacha kwa siku moja, na chini ya droo ya mboga kuna maji ninayafuta kila asubuhi. Fundi wa kwanza alisema gesi imepungua, akajaza kwa 60,000. Likapoa vizuri kama siku kumi, likarudi pale pale. Wa pili ameligusa tu kompresa na mkono akasema limechoka, ninunue jingine.

Kinachoninyima usingizi ni insulini ya mama yangu, ndimo tunamoiweka. Ingekuwa mboga tu nisingewasumbua.

Kassim wa Tanga

Pole sana dada. Anza na vya bure. Chukua noti, ibane kwenye mlango, ufunge, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umelegea hapo. Zunguka mlango mzima, maana mara nyingi ni kona moja tu ya chini. Halafu angalia nyuma: wavu mweusi una vumbi? Friji limeachana na ukuta kiasi gani? Joto linalotolewa ndani linatokea pale, likikosa njia kompresa halipumziki.

Mama Nasri

Asante kaka Kassim. Noti imekaza pande zote, juu na chini. Nyuma kulikuwa na vumbi jingi kwelikweli, nimelitoa kwa brashi. Nimelisogeza, sasa nafasi inaingia kiganja kizima. Leo ni siku ya tatu, bado halikati.

Nesi wa Zamu

Dada, tuache friji kidogo tuzungumzie dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Nunua kipimajoto, kizamishe kwenye glasi ya maji rafu ya katikati usiku kucha, usome asubuhi kabla watu hawajaanza kufungua mlango. Hewa tupu inakudanganya, maji yanasema kweli. Ikiwa juu ya 8, hamishia chupa za akiba kwa jirani leo leo, na usiziegemeze kwenye ukuta wa nyuma wala usiweke friza. Insulini ikiganda hata mara moja imeharibika, hata kama ikiyeyuka unaiona safi. Ile anayoitumia sasa huwa inaweza kukaa nje wiki kadhaa mahali pasipo joto kali, ila muda unatofautiana kwa aina, kwa hiyo muulize mfamasia wake ukiwa na chupa mkononi. Na umweleze kwamba hizo za akiba zimekaa kwenye friji bovu, akwambie kama bado zinafaa. Msipige bahati nasibu na sukari ya mama.

Mama Nasri

Nimepima. Asubuhi saa 12 maji yalikuwa nyuzi 13. Nimetetemeka. Chupa zote nimezipeleka kwenye duka la dawa ambako mama huchukulia. Wamezikagua, wamenipa mbili mpya na kunitunzia kwenye friji lao. Mungu awabariki.

Jongo la Pwani

Dada, usipoteze hela. Friji la miaka sita kompresa likichoka limechoka. Uza chuma chakavu ununue jipya la inveta, yale ya kubana umeme.

Fundi Baridi, Mwanza

Mama Nasri, usiuze kitu bado. Nimefanya kazi hii miaka mingi na maelezo yako yana jibu ndani yake. Nakuuliza mawili. Siku fundi alipojaza gesi, friji lilikaa limezimwa kwa muda gani? Na ukiweka mkono kwenye matundu ya upepo yanayoleta baridi chini, unasikia hewa?

Mama Nasri

Alilichukua Ijumaa jioni akalirudisha Jumapili. Upepo chini hakuna kabisa, nimeweka hata unyoya wa kuku haukutikisika.

Fundi Baridi, Mwanza

Sawa. Siku mbili hizo za kuzimwa ndizo zilizolitibu kwa kuyeyusha barafu, si gesi.

Friji la nofrosti lina mabomba ya baridi yaliyofichwa nyuma ya kava la plastiki ndani ya friza. Feni inapuliza hewa kwenye mabomba hayo, nyingine inabaki juu, nyingine inashuka chini. Unyevu wa hewa unaganda pale pale kwenye mabomba. Ndiyo maana kuna hita: kila baada ya saa kadhaa kompresa linazimwa, hita inawaka dakika ishirini au thelathini, barafu inayeyuka, maji yanashuka kwenye kitundu hadi sinia la nyuma. Hita isipowaka, barafu inanenepa siku hadi siku mpaka inaziba njia ya upepo. Juu panabaki na ubaridi kidogo, chini panakufa, na termostati haifikiwi kamwe na baridi ya kuliambia kompresa likate. Kitundu nacho kikiziba kwa barafu, maji yanatafuta njia nyingine, ndiyo hayo ya kwenye droo.

Lizime lote saa 24, milango wazi, matambara chini. Usichokonoe barafu kwa kisu! Nimeletewa mafriji mengi yaliyotobolewa hivyo, na bomba la baridi likitoboka gharama inakuwa nyingine kabisa. Kisha liwashe. Likikata vizuri wiki nzima halafu likarudia, tatizo ni mfumo wa kuyeyusha barafu.

Yeyote atakayekuja kutengeneza afungue kava la friza mbele yako, KABLA hajagusa chupa ya gesi. Barafu nene mabomba yote: hita na wenzake. Barafu kwenye mabomba mawili matatu ya mwanzo tu na mengine makavu: hapo ndipo gesi imepungua kweli, na atafute inapovujia kwanza, maana gesi haiishi kama mafuta ya gari. Barafu nyeupe nyembamba sawasawa lakini hakuna upepo: feni.

Bi Zuhura, Mombasa

Huku Mombasa nami yalinipata hayo hayo, tokeni za stima zikiisha kabla ya wiki. Dadangu, kabla na baada ya kutengeneza pima kwa mita. Zima kila kitu nyumbani ubakishe friji, andika uniti, ngoja muda wa saa tatu, andika tena. Hapo huhitaji kuambiwa na mtu.

Mama Nasri

Nimepima kama alivyosema Bi Zuhura: saa tatu, uniti 0.40. Kwa siku ni zaidi ya 3 friji peke yake! Nimelizima leo saa 2 usiku.

Mama Nasri

Ndugu zangu, narudi baada ya siku 12. Baada ya kuyeyusha lilikata siku ile ile. Siku ya nane upepo wa chini ukaanza kupungua, siku ya kumi halikati tena. Nimempata fundi mwingine, kijana mtulivu. Nikamwomba afungue kava kwanza, hakubisha. Skrubu mbili nyuma ya friza, akalivuta taratibu. Barafu nyeupe nene kama godoro la mtoto, mabomba hayaonekani hata moja, na mapanga ya feni yanagusa barafu.

Anasema hita ni nzima kwa kipima umeme chake, ila ile bimetali, swichi ndogo ya hita, haisomi, yaani haipitishi umeme, imekufa. Abadilishe?

Fundi Baridi, Mwanza

Mwambie asubiri, kwa heshima. Bimetali ikiwa kwenye joto la chumba LAZIMA isisome, inajifunga na kupitisha umeme ikiwa na baridi kali tu. Aiweke ndani ya friza ya jirani inayogandisha vizuri, saa nzima, aipime papo hapo ikitoka. Na pembeni yake huwa kuna fyuzi ya joto, kidude cheupe chenye nyaya mbili. Hiyo ndiyo inapaswa kusoma muda wote. Aipime.

Mama Nasri

Fyuzi! Bimetali ilisoma ilipotoka friza ya jirani, fyuzi haikusoma kabisa. Duka la vipuri wanaiuza 6,000. Fundi alipendekeza tuunganishe waya moja kwa moja ili nisisubiri mpaka kesho.

Fundi Baridi, Mwanza

Hapana, hapana. Fyuzi ile ndiyo inayokata hita ikipitiliza joto. Ukiiruka na bimetali ikikwama ikiwa imejifunga siku moja, hita itaendelea kuwaka ndani ya plastiki na sponji, na nyumba ina mama mgonjwa. Subirini kesho. Akimaliza, amwage maji ya uvuguvugu kwenye kitundu cha maji mpaka ayaone yakitoka kwenye sinia nyuma. Pia aangalie bomba linalorudi kwenye kompresa. Likiwa na barafu nje, yule wa kwanza alizidisha gesi, itolewe ijazwe upya kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko kikisema R600a asilete moto karibu, gesi hiyo inawaka.

Mama Nasri

Leo ni wiki ya tatu. Fyuzi 6,000, ufundi 25,000, na gesi ilikuwa imezidi kweli, kibandiko kinasema R134a gramu 140, ameijaza kwa mizani kwa 40,000. Kwa mita, saa tatu ni uniti 0.19. Glasi ya maji asubuhi inasoma nyuzi 5. Dawa za mama zimerudi nyumbani jana, nimeziweka kwenye kikapu rafu ya katikati.

Usiku saa 5 nilikuwa jikoni nasaga karanga. Likanguruma, likatikisika, likanyamaza. Mama akaita kutoka chumbani: "Umeme umekatika?" Nikamwambia hapana mama, ni friji limekata.

Kassim wa Tanga

Alhamdulillah. Fundi Baridi, langu ni la mlango mmoja, barafu inaganda ukutani, nalo halikati. Halina hita wala feni. Nianzie wapi?

Fundi Baridi, Mwanza

Fungua uzi wako kaka, weka picha ya barafu ilivyokaa ukutani na uandike termostati umeiweka namba ngapi. Nitakuja.