Naomba ushauri: mazoezi ya mzee baada ya kuzibuliwa mshipa wa mguu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Baba yangu ana miaka 67, ana kisukari, sigara ameacha. Wiki sita zilizopita alizibuliwa mshipa wa damu wa paja la kushoto Kampala, akawekewa stenti (kibomba kidogo cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi). Daktari alimwagiza mazoezi ya kutembea chini ya msimamizi, mara tatu kwa wiki kwa wiki 12: atembee mpaka maumivu ya wastani, apumzike yaishe, aendelee hivyo kwa dakika 30 au zaidi.

Sisi tunakaa Jinja. Nauli ya Kampala mara tatu kwa wiki hatuiwezi, basi natembea naye mwenyewe alfajiri, saa mkononi. Akifika nguzo ya nne ya umeme shavu la mguu linambana. Anaishika nguzo, anajifanya anaangalia simu. Anaogopa stenti itahama, na mimi naogopa kumsukuma. Jioni namkagua nyayo, maana kisukari kimempunguzia hisia.

Je, kuna anayemjua mtaalamu wa fiziotherapia huku Jinja anayesimamia mazoezi haya? Na nitatofautishaje maumivu ya kuvumilia na yale ya kumrudisha hospitali haraka?