Lisbon au Valencia? Mlioacha kazi mapema mkahamia huko, tupeane uzoefu wa gharama

Nesi Mchovu
Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mzee wangu tuna miaka 27 Uingereza, yeye kwenye mabasi, mimi wodini. Nina 59 na magoti yameshaomba kustaafu. Nyumbani tutakuwa tunakwenda na kurudi, ila kuhamia moja kwa moja tunasita: pensheni ya serikali ya Uingereza ukiipokelea Tanzania au Kenya inaganda pale ilipoanzia. Ukiwa Ureno au Hispania inapanda kila mwaka. Tumebakiza Lisbon na Valencia. Tovuti za kulinganisha bei nimezisoma mpaka macho yanauma, zote zinaniambia bei ya kahawa. Sinywi kahawa. Nataka waliotoa hela mfukoni: pango, umeme, matibabu, nauli na unga.

Kivuko
Dada, niko Almada, ng'ambo ya mto Tejo, tangu 2021. Lisbon kwenyewe nilikaa miezi minne nikakimbia: chumba na sebule pale Arroios euro 1,150, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Huku nalipa 820. Pasi ya mwezi, Navegante, ni euro 40: basi, metro, treni na kivuko, manispaa zote 18 za Lisbon na viunga vyake. Ukifika 65 inashuka hadi 20. Kwa mtu aliyezoea foleni ya Kigamboni, kivuko cha Cacilhas ni starehe.

Shida ni baridi ya ndani. Nyumba nyingi za huku hazina mfumo wa kupasha joto. Nje nyuzi 12, ndani nyuzi 13, na ukuta unatoka jasho. Suti niliyoolea iliota ukungu wa kijani kabatini (mke wangu alicheka, mimi sikucheka). Ikabidi ninunue mashine ya kukausha unyevu. Bili ya umeme ikatoka 45 ikafika 130 Januari.

Mama Pilau
Mimi Valencia, mtaa wa Benimaclet, pango 900. Mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele kwa kuwa sina hati ya mshahara ya Hispania, nikalipa. Baadaye ndiyo nikaambiwa sheria inataka amana ya mwezi mmoja, na dhamana ya ziada isiyozidi miezi miwili. Usilipe kabla ya kuuliza.

Sasa nesi, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipotokwa jasho. Mstaafu aliyefikia umri wa pensheni Uingereza inampa fomu ya S1, na matibabu yake huku yanalipiwa kutoka kule. Wewe una 59, umri wako wa pensheni ni 67. Miaka minane yote hiyo ni mfuko wako. Hispania inataka bima binafsi isiyo na uchangiaji hata wa senti. Nina presha, kampuni ya kwanza ilinikataa, ya pili ikaniandikia euro 168 kwa mwezi. Ukishaishi mwaka mmoja unaweza kuomba kuingia hospitali za umma kwa kulipia: euro 60 kwa mwezi chini ya miaka 65, na 157 ukivuka hapo. Dawa za dukani hazimo, unanunua kwa bei kamili. Katika hesabu zangu za kabla ya kuhama hakuna hata mstari mmoja wa hayo. Nilikuwa nimeandika bei ya nyanya.

Kivuko
Huku ukishapata ukaazi unajiandikisha kituo cha afya bila kulipia mchango. Ila nina mwaka wa tatu nasubiri daktari wa familia. Nikiumwa jino au jicho naenda binafsi.

Mstaafu wa Tanga
Visa nazo ziwekeni kwenye hesabu. Hispania, ile ya wasiofanya kazi, inataka kipato cha euro 2,400 kwa mwezi, mwenza 600 juu yake. Visa ya D7 ya Ureno inafuata kima cha chini cha mshahara: 2025 ilikuwa 870, mwenza nusu yake. Na ukiwa mkaazi wa kodi Hispania, mali ya nje inayozidi euro 50,000 unaitangaza kwa fomu 720. Nyumba yangu ya Tanga imo humo. Haitozwi kitu kwa fomu hiyo, lakini mhasibu wa kuijaza anatoza!

Nesi Mchovu
Asanteni, hilo la miaka minane limenikata maini. Na chakula?

Mama Pilau
Sokoni ni raha: samaki, machungwa, mboga. Mpunga unalimwa Albufera, nje kidogo tu ya mji, lakini usiujaribu kwenye pilau ule mchele wao wa mviringo. Wangu uligeuka bokoboko mbele ya wageni. Tafuta basmati.

Otieno wa Gaia
Na ugali? Mimi Valencia niliuziwa ule unga wa Walatini uliokwishapikwa. Ulishikana kama gundi, watoto wakakataa.

Kivuko
Lisbon uliza fuba, ndiyo unga wa mahindi kwa Kireno, maduka ya Waafrika ya Martim Moniz na Amadora yanauza.

Nesi Mchovu
Nyeupe au ya njano?

Kivuko
Zote zipo. Ila dada, ukija kuangalia nyumba njoo Januari, na ufungue makabati.