Yule fundi wa vioo wa Mwanga: "Mama, si mnapata upepo wa ziwa bure?"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mama mkwe wangu yuko chumba cha pili kajifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Nisiposema leo nitapasuka.

Ni yule fundi wa umeme wa magari wa pale Mwanga. Simtaji. Mnamjua, Kigoma nzima mnamjua, hata dagaa wa Kibirizi wanamjua. Yule wa "lete hapa mama, dakika kumi tu".

Leo, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe aliyelowa hadi kwenye mifupa, mbele ya madereva wa bajaji na muuza karanga, kanitazama usoni akasema: "Mama, hasira za nini? Si mnapata upepo wa ziwa bure?"

Upepo wa ziwa! Bure! Kwa shilingi 75,000!

Gari ni Toyota IST. Kioo cha mlango wa mbele kushoto, kwa abiria, kiligoma kupanda wiki iliyopita. Nikibonyeza swichi ya mlango ule, kimya. Nikibonyeza ya huku kwangu kwa dereva, kimya. Vile vitatu vingine vinapanda na kushuka bila shida. Ila ukiufungua ule mlango ukaushikilia nusu, ukabonyeza, kioo kinashtuka, kinapanda kidogo, kinakata. Haya yote nilimweleza. Mara tatu nilimweleza, taratibu, kama mwalimu wa chekechea. Akaniambia, "Mama, wewe kaa kwenye benchi."

Hakushika testa ya kupimia umeme. Hakuangalia fyuzi. Hakubonyeza swichi hata moja! Alikitazama kile kioo kama mganga anavyotazama kibuyu, akatangaza: "Mota imekufa." Imekufa umeipima saa ngapi? Ni daktari gani anaandika cheti cha kifo hajamgusa hata maiti?

Akachomeka bisibisi kwenye kava la mlango, klipu zikaruka hadi barabarani, kuku wakazidonoa. Mota ya mtumba 60,000, ufundi 15,000. Dakika kumi zikawa masaa manne. Nikakuta kioo kiko juu, nikalipa, nikamwombea na baraka. Mungu anisamehe kwa hizo baraka.

Leo nampakia mama mkwe nimrudishe Kasulu. Kavaa kitenge kipya, kilemba kimekaa kama taji. Tumepita Mwandiga, Kidahwe hatujafika, tairi likaingia kwenye kishimo kidogo tu, nikasikia KO! Kioo chote kimezama ndani ya mlango. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, mimi nawaambia kioo changu kimezama kupita hapo. Na dakika hiyo hiyo mvua ikashuka. Mvua ya huku mnaijua, hainyeshi, inamwagwa kwa ndoo. Mama mkwe alikuwa anaoga amekaa, mkanda umefungwa. Kilemba kikamshukia machoni. Hakusema neno. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Nikaenda moja kwa moja gerejini kwake. Kijana wake akavuta kava, likatoka kwa mkono mmoja maana halikuwa na klipu hata moja. Ndani kuna nini? Ukuni! Ukuni wa mwembe, na magome yake! Ndio uliokuwa umekibeba kioo. Na mota ni ile ile ya kwangu, na vumbi lake la miaka yote.

Ndipo fundi mwenyewe akasema. "Mama, hasira za nini? Si mnapata upepo wa ziwa bure?"

Watu wakacheka. Muuza karanga alicheka hadi karanga zikamwagika. Kijana ambaye ningeweza kumzaa mimi anamwambia mama mkwe wangu habari za upepo wa ziwa! Halafu akaniwekea ule ukuni mkononi: "Rudishia tu hapo hapo, utashika."

Hela itatafutwa. Lakini upepo wa ziwa? Mbele ya mama mkwe? Wakuu, huyu mtu tumfanyeje?

Mgebuka Mkavu: Pole mama, lakini nimecheka mpaka chai imenitokea puani. UPEPO WA ZIWA.

Kijana wa Gungu: Picha ya ukuni tafadhali. Uzi bila picha ni hadithi.

Mleta uzi: Ukuni uko hapa mezani nimeufunga kwenye mfuko. Ni kidhibiti. Hautoki hapa.

Mwisho wa Reli: Ulilipa kabla hujakishusha na kukipandisha? Basi umepigwa kihalali. Mimi fundi simpi hata mia kabla sijajaribu.

Mleta uzi: Alisema nisikiguse siku mbili, eti gundi ikauke! GUNDI!

Mwisho wa Reli: Gundi kwenye mota, na wewe ukaitikia. Basi sawa.

Testa Mkononi: Mama yangu, pole sana, na shikamoo kwa mama mkwe. Jibu ulimpa mwenyewe hukulipwa. Kioo kikiitika mlango ukiwa wazi na kukataa ukiwa umefungwa, angalia ule mpira wa mikunjo ulio kati ya mlango na bodi. Waya zinapita humo, na kila ukifungua mlango zinakunjwa. Miaka ikienda, shaba inakatika ndani, ganda la nje linabaki zima, kwa hiyo mtu wa kutazama kwa macho haoni kitu. Vioo vingine vinafanya kazi, maana yake umeme unafika hadi swichi kuu ya dereva. Mota ungeipima hivi: chomoa soketi yake, ipe volti 12 za betri kwa waya mbili, izunguke, geuza waya, izunguke upande wa pili. Ikizunguka kote, ni nzima. Ingekuwa inalia vuuu na kioo hakiendi, hapo ningesema reguleta, kile chuma cha ndani kinachokibeba kioo na kukipandisha. Yako ilikuwa kimya. Tena kioo kikiwa kimefungwa kwenye reguleta hakizami chenyewe, gia ya mota inakizuia. Alikifungua huyo, akakiegemeza kwenye ukuni. Vuta huo mpira, tafuta waya uliokatika, uungwe kwa risasi ya kuyeyusha na ufunikwe vizuri. Wakiusokota tu na kuuzungushia tepu, utakatika tena.

Mleta uzi: Umeona kaka! Nilimwambia kuhusu mlango! Mara TATU! Akasema nikae kwenye benchi!

Binti Ujiji: Kumbe ni huyo huyo. Mimi alinifungia honi, nikikanyaga breki inalia. Nimepita msibani napiga honi kila tuta. Wafiwa walinitazama, sitasahau.

Mgebuka Mkavu: Binti Ujiji utaniua leo.

Kijana wa Gungu: Picha ya ukuni bado.

Mzee wa Katubuka: Mnalia vioo? Fundi friji kaichukua ya kwangu tangu mwezi wa nne, "naijaza gesi tu mzee". Juzi nimepita kwake, inatumika! Anauzia soda baridi! Nimenunua moja kwa hela yangu, kutoka kwenye friji yangu.

Mwisho wa Reli: Ilikuwa baridi?

Mzee wa Katubuka: Baridi kabisa. Ndicho kilichoniuma.

Asali ya Isevya: Kigoma mnachekesha. Hameni mje Tabora, huku mafundi wana heshima zao.

Binti Ujiji: Heshima gani? Dada yangu yuko Tabora, fundi cherehani alimshonea sare ya harusi mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, akamwambia ndiyo mtindo.

Asali ya Isevya: Huyo atakuwa katokea Kigoma.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye upepo wa ziwa. Mama mkwe ndiyo kwanza kafungua mdomo. Kaniuliza kama mwanaye anajua hela zake zinaendaje.

Mgebuka Mkavu: Mafundi cherehani ndio wenyewe. Mimi suruali, kanishonea mfuko usio na chini. Nimeacha simu yangu barabara nzima ya Lumumba.

Mama Wawili: Afadhali wewe suruali ulipewa. Mimi naambiwa "njoo Ijumaa" tangu Pasaka. Kitenge cha Congo, jozi nzima, sijakiona tena.

Binti Ujiji: Kina maua ya njano na ndege wa bluu?

Mama Wawili: Ndicho. Umekijuaje?

Binti Ujiji: Jumapili nimekaa nyuma ya mke wake kanisani.

Mama Wawili: Kanisa gani? Dada, kanisa gani? Nijibu, navaa viatu.