Tamthilia za Kituruki zimewabadilisha nini nyumbani?

Muuliza: Wakuu, mama yangu yuko Tanga. Tangu tamthilia za Kituruki ziingiziwe sauti za Kiswahili, akimaliza isha tu, rimoti haishikwi na mtu. Juzi kampelekea fundi picha, ashonewe gauni la kisultani. Kwenu vipi?

Jibu: Kwetu wajukuu wawili wamepewa majina ya humo humo. Bibi yanamshinda kutamka, wote anawaita Mwajuma.

Jibu: Mnashangaa leo? Zanzibar walipata televisheni ya rangi 1973, huku bara tukasubiri hadi 1994. Na mitindo ya nywele tulishaiga kwenye sinema za Kihindi zamani sana.

Muuliza: Shikamoo mzee. Kabla ya hapo jioni mlifanya nini?

Jibu: Marahaba. Redio, bao na umbea.